Kionjo cha filamu ya kutisha kisichokuwa na jina ndani ya picha: msikitoe, hasa hapa Malindi

Hapana. Msikitoe hicho kipande hivyo.

Nimesoma swali lako lote, mdogo wangu. Uko chuoni hapa Malindi, mradi wenu wa mwisho ni trela ya filamu ya kutisha, posta yake na kava la jarida, halafu kuna tathmini ya kuandika. Unauliza mtumie kamera gani, trela iwe na urefu gani, kama magofu ya Gede yanafaa kwa kurekodi, na yale maswali manne ya tathmini hujibiwa vipi. Yote hayo yanajibika. Lakini katikati umepenyeza sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: mtasambaza kipande cha ajuza akitoka gizani, hakina jina la filamu, "ili watu wadhani ni kweli", na mtabandika mabango ya msichana aliyetoweka kuanzia stendi ya matatu mpaka ufukweni. Hiyo sentensi ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Sisi tulifanya hicho hicho, mji huu huu, na aliyelipa gharama si sisi.

Basi sikiliza hili kabla ya kamera na kabla ya kila kitu. Jina la filamu likae ndani ya picha yenyewe, pamoja na neno FILAMU, tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye kila kitu kitakachotoka mikononi mwenu. Si kwenye maelezo yanayoandikwa chini ya video, na si mwishoni mwa video peke yake. Kama kipande kinaweza kukatwa sekunde tano za katikati zikasambaa bila kuonyesha kwamba hii ni filamu, hakijawa tayari kutoka.

Filamu yetu ilihusu mwanamke mzee anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mawe iliyobomoka nusu, na vijana wanaoingia usiku kuiba mlango wake wa kuchonga. Mzee tulimpata mtaani. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba yake, na sisi wanafunzi tulikuwa wateja wake. Alifurahi mno kuombwa. Alifanya mazoezi ya kutembea taratibu, akatufundisha sisi namna mzee anavyoshika ukuta anaposhuka ngazi, kwa sababu tulivyotaka sisi ilikuwa vichekesho. Mavazi tulimwambia avae yake, basi akaja na leso yake ya kila siku. Tuliona tumeokoa pesa.

Kipande tulichokitoa kilikuwa sekunde ishirini hivi. Ukumbi wa giza, mwanga wa simu unatetemeka, mzee anageuka polepole, macho yake yanamulika, simu inaanguka. Kilikuwa kizuri, nasema hivyo mpaka leo, na mimi ndiye niliyekihariri. Tulikitoa Ijumaa jioni kwenye makundi kadhaa ya WhatsApp, kikiwa na maneno "Kimenaswa usiku, Malindi" na basi.

Asubuhi kikaturudia kutoka kwenye makundi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwamo. Maneno yalikuwa mapya: mchawi amenaswa na kamera, mtaa ukatajwa, sambaza uokoe watoto. Mtu alikuwa amekata mwanzo. Mwingine akaongeza sauti ya mwanamke analia kwamba mwanawe haonekani tangu juzi. Sauti ile sijui ilitoka wapi, haikuwa yetu wala haikuhusu Malindi, lakini ikishabandikwa juu ya picha yetu ikawa ushahidi. Na mtaa walijuaje? Kwa leso. Leso ina jina lake, maandishi yake yakasomeka vizuri kabisa kwenye mwanga wa simu, na kila aliyekuwa akinunua mahamri kwake ameyasoma maandishi yale akisubiri chenji. Hebu lifikirie hilo: maandishi pekee yaliyosomeka kwenye picha yetu yote ndiyo yaliyomwelekeza mtu mlangoni kwa yule mama. Jina la filamu, ambalo lingemkinga, tuliliondoa kwa makusudi.

Wateja walipungua kuanzia siku ile. Vijana wa bodaboda wakawa wanapita usiku wakimulika dirisha lake kwa taa. Mjukuu wake akaanza kuitwa mjukuu wa mchawi shuleni. Mwanawe wa kiume alihamishia mkeka wake kibarazani akawa analala pale. Mzee wa mtaa alikuja kutuuliza, nasi tukamwonyesha simu na karatasi za mchezo, akaelewa. Lakini kuelewa kwa mtu mmoja hakuendi kasi kama video. Mwishowe binti yake alimchukua wakaenda kuishi Mombasa. Mahamri yale hayauzwi tena.

Kama wewe si mtu wa huku unaweza kusema huo ni uvumi tu, utapoa. Lakini wewe ni wa huku. Unajua kwamba katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Unajua mara ngapi chini ya tuhuma ile kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna mahali palipotengwa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa ajili ya tuhuma hizi. Watu wenye watoto na wajukuu, wanaishi mbali na nyumba walizojenga wenyewe. Sasa sisi, vijana tuliokulia humu, tulichukua mwanamke mwenye mvi, tukamtilia mwanga wa kumulika macho, tukamwacha mtandaoni bila jina. Hofu ile hatukuibuni sisi. Ilikuwapo tayari, imeshaua watu, na sisi tuliiazima kwa ajili ya alama za darasani.

Na mabango yenu ya "Ametoweka" ni hivyo hivyo. Nani hapa amesahau Aprili ya mwaka 2023? Makaburi ya msitu wa Shakahola, ya wafuasi wa mhubiri walioambiwa wafunge mpaka kufa, yalipoanza kufukuliwa, miili zaidi ya 400 ilitolewa mle, na jamaa za watu walikuja mpaka hospitali hapa Malindi kutoa sampuli za vinasaba wakitafuta wao. Kuna familia ambazo neno hilo kwao si mapambo ya filamu. Mama wa namna hiyo anapita sokoni, anaona uso wa msichana kwenye nguzo ya stima, anasimama kuusoma, anapiga namba iliyoandikwa chini, na anayepokea ni mwanafunzi anayemwambia "usikose filamu yetu". Ungeweza kuipokea hiyo simu wewe?

Hata sheria haipo upande wenu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, ilivyopitishwa mwaka 2018, iliweka kifungu mahususi kuhusu kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu ukoloni mwaka 1925, inamfanya mkosaji yule anayemsingizia mwenzake kuwa ni mchawi. Sisi hatukushtakiwa. Lakini usijenge mpango wa matangazo juu ya huruma ya askari wa zamu.

Sasa nimfikie aliyetuambia tufanye vile, kwa sababu nahisi na nyinyi mmeipata hii fikra kwa mtu wa aina yake. Alikuja kutufundisha kwa siku chache kama mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, na alilipwa kwa hilo. Alisema jina la filamu ni adui wa hofu. Mtu akijua ni filamu, moyo wake unatulia, basi lifiche. Mfano wake ulikuwa The Blair Witch Project ya mwaka 1999: upigaji wa picha uligharimu kama dola elfu sitini, mapato yakakaribia dola milioni 248, na siri yake ati ni kuwaaminisha watu kwamba wale vijana watatu wamepotea kweli. Alikuwa na slaidi nzuri. Akamaliza, akapanda matatu, akaenda zake. Yule mama alipoanza kumulikwa taa dirishani tulimpigia simu. Jibu lake lilikuwa kwamba idadi ya waliotazama ni kubwa, tumefaulu.

Aliyoyaacha ni mengi kuliko aliyoyasema. Filamu ile ilikuwa na vipeperushi vya watu waliopotea, na viligawiwa kwenye tamasha la Sundance, kwa watu waliosafiri kwenda kutazama filamu. Jina la filamu halikufichwa. Tovuti nzima ilijengwa kulizunguka. Waliopotea kwenye hadithi walikuwa waigizaji vijana, si mzee wa jirani anayeuza chakula mlangoni kwake. Na hata hivyo, mmoja wao, mwigizaji wa kike, ameeleza kwamba mama yake mzazi alitumiwa kadi za rambirambi ilhali binti yake yu hai. Kwa mkufunzi wetu hiyo ingekuwa habari njema ya masoko. Mimi nikiisoma nafikiria yule mama akifungua bahasha.

Halafu hiyo hoja yake kwamba jina linaua hofu si kweli, na hili ni suala la ufundi tu, unaweza kulipima mwenyewe. Tafuta kionjo cha The Shining ya mwaka 1980. Ni shoti moja peke yake. Kamera haisogei, milango ya lifti mbele yako, na majina yanapanda juu ya picha: jina la filamu, waigizaji, mwongozaji, mwandishi wa riwaya. Unaambiwa wazi wazi kwamba hii ni filamu, imetengenezwa na watu hawa, na wakati bado unasoma, damu inaanza kumwagika kutoka kwenye lifti mpaka inafunika kamera. Hakuna aliyetulia kwa sababu ya maandishi. Maandishi ndiyo yanayokushika usigeuze macho, muziki ukizidi kupanda. Hofu ya filamu inatoka kwenye kusubiri. Mtazamaji anajua kitu kinakuja, hajui lini, na hawezi kufanya lolote. Kumdanganya kwamba ni kweli hakumpi hofu zaidi ya hapo. Kunampa taharuki, na mtu mwenye taharuki hatafuti tiketi, anatafuta wa kulaumu.

Kwa hiyo namna ya kulitia jina. Msiliweke pembeni kama nembo ya televisheni. Video iliyolala ikikatwa isimame wima kwa ajili ya TikTok au stetasi, inayobaki ni karibu theluthi moja tu ya upana wake, ile ya katikati. Kona zote nne zinakwenda na maji, na jina lako pamoja nazo. Liweke katikati, chini kidogo ya kifua cha mhusika au juu kidogo ya kichwa, herufi nyembamba, picha ya nyuma ionekane kiasi kupitia herufi hizo ili jina lisizibe uso lakini mtu asiweze kulikata bila kuukata uso wenyewe. Halafu fanyeni jaribio: mmoja wenu akae na simu ajifanye mtu mbaya. Akate mwanzo, akate mwisho, arekodi skrini, akuze picha, atume kwa mwenzake mara kadhaa mpaka iwe na ukungu. Kama bado inasomeka kwamba ni filamu, hapo sawa. Ikiwa imefifia, ongezeni ukubwa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba hilo linaharibu uzuri wa picha. Linapunguza kidogo, ni kweli. Nendeni mkaoneshe picha safi ukumbini siku ya maonyesho. Kule hakuna wa kuikata.

Msimvalishe mwigizaji nguo yake mwenyewe. Leso, kofia, viatu, pete, nunueni au azimeni kwa mtu wa mtaa mwingine. Msionyeshe mlango halisi wa nyumba yake, wala duka la jirani, wala namba ya pikipiki. Na ajuza wenu huyo: ni lazima awe ajuza? Nauliza kwa dhati. Pwani yetu ina giza la kutosha bila kumbebesha mzee mzigo huo. Kisima kikavu, mashua iliyorudi tupu, ndaka, chumba cha ndani kabisa cha nyumba, ambacho kila siku kinapungukiwa kitu kimoja, mlango wa kuchonga uliouzwa kwa mgeni na bado unasikika ukibishwa usiku mahali ulipokuwa. Kama hadithi haiwezi kusimama bila mwanamke mwenye mvi wa kuogopwa, basi angalau mwacheni awe ndiye anayeogopa.

Nije kwenye tathmini, kwa sababu hapa ndipo uongo ule ulipotumaliza mara ya pili. Maswali yenu manne, ya kanuni za aina hii ya filamu, ya jinsi trela na posta na kava vinavyoshirikiana, ya mliyojifunza kwa watazamaji, na ya teknolojia, ni yale yale ya silabasi ya zamani ya Uingereza ya masomo ya habari, na sisi tulipewa hayo hayo. Kwenye swali la watazamaji tulidhani tuna utajiri. Video ilikuwa imefika kila mahali! Tukaandika hivyo kwa majivuno. Mtahini akatuuliza jambo moja: kati ya hawa wote, nani alitaka kuiona filamu? Tukafungua maoni mbele yake. "Hapo ni wapi?" "Polisi wako wapi?" "Achomwe." Hakuna hata mmoja aliyeuliza itaonyeshwa lini, kwa kuwa hakuna aliyejua kuna filamu. Hatukuweza kusema kama mwanga ulifanya kazi, kama mkato wa mwisho ulichelewa, kama sauti ilitisha. Watu hawakuwa wameitazama trela. Walikuwa wametazama tuhuma. Na huwezi kutathmini trela ambayo haikutazamwa kama trela hata ingepita mbele ya macho ya Kenya nzima.

Posta nayo ilikosa wa kushirikiana naye. Ilikuwa na jina kubwa, nyekundu, na mlango uliovunjika. Waliokiona kipande hawakuiunganisha na posta, maana hakuna herufi wala rangi wala neno lililokuwa pande zote mbili. Mtahini alikuwa na haki ya kutunyima alama pale, nami sina kinyongo naye. Swali lile la pili linataka kitu rahisi sana: mtu aliyeona posta asubuhi, akikutana na trela jioni, aseme "aa, ni ile". Jina likiwa kwa herufi za aina moja, mahali pamoja, kwenye trela na posta, nusu ya jibu lako imeshajiandika yenyewe. Unaona jinsi kila kitu kinarudi kwenye jina?

Ili mpate majibu ya maana, waiteni watu wa umri mnaoulenga, wachache, chumbani, taa zimezimwa, sauti nzuri. Mmoja wenu akae ubavuni awatazame wao na asitazame skrini, aandike ni wapi walishtuka, wapi walishika simu, wapi walicheka pasipostahili. Kucheka kunaeleza mengi, kwa sababu mtu akiogopa nusu hucheka, na akichoka hucheka pia, ila kwa namna nyingine, na ukimtazama usoni utajua. Baadaye msiulize "mmeipenda?" Mwafrika wa Pwani mliyemkaribisha kwa juisi ya ukwaju hatakwambia hakuipenda. Muulize filamu inahusu nini. Muulize jina lake ni lipi bila kumwonyesha tena. Muulize ni kitu gani anataka kukijua sasa. Kesho yake mpigie simu umuulize jina tena. Asipolikumbuka, trela imeshindwa, hata kama alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Urefu: dakika moja, au moja na nusu ikiwa mna picha za kutosha. Hata wamiliki wa majumba ya sinema Marekani walitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba trela isizidi dakika 2, na wao wana filamu nzima ya kuchotea. Nyinyi mna ukumbi mmoja na ngazi.

Gede, kama kilomita 15 kutoka hapa, panavutia na kila darasa hupataka. Ni eneo la kihistoria lililolindwa tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hivyo hamwendi na kamera na damu ya bandia mkaanza tu. Ombeni ruhusa kwa Makumbusho ya Taifa mapema, kwa maandishi. Na mkumbuke mle mna msikiti na makaburi, moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wale ni watu waliozikwa. Msimsimamishe jini juu ya kaburi la Muislamu kwa ajili ya shoti nzuri. Kuna kima pia watakaowachukulia chakula, na magharibi ikiingia chini ya miti ile giza halikawii hata kidogo, kwa hiyo shoti za utusitusi pangeni ziwe za kwanza kabisa.

Sauti: tegeni kipaza sauti mbali na upepo, kusi likivuma hata kitambaa hakitoshi. Msirekodi wakati wa adhana mkaitumia chini ya picha ya kutisha, wala kisomo. Najua mtajaribiwa, kwa sababu inaingia yenyewe kwenye kila rekodi ya jioni hapa mjini. Subirini ipite.

Kabla ya kutoa kitu chochote hadharani nendeni mkaulize Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Sheria ya filamu, Sura ya 222, inaipa kazi ya kukagua filamu na posta vilevile, na swali la mwanafunzi halimkasirishi mtu.

Na mwigizaji wenu, huyo mzee mliyemtaja. Mwonyesheni kipande kilichokamilika, kwenye simu yake au ya mwanawe, kabla hakijaenda popote. Mwelezeni kitapelekwa wapi na nani atakiona. Mwanawe au binti yake awepo. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mmeshatumia pesa. Mlipeni. Yule wetu tulimpa asante na soda.

Ukisoma haya ukaona mmechelewa, kipande kimeshatoka, fanyeni hivi leo hii. Kifuteni kwa wote kwenye kila kundi mlilotuma, mkijua kwamba ile sehemu ya kufuta ina muda wake na haigusi nakala zilizokwisha kupelekwa kwingine. Nendeni kwa mzee wa mtaa na kwa chifu wenyewe kabla hawajawajia, mkiwa na mchezo ulioandikwa na barua ya chuo. Nendeni nyumbani kwa mwigizaji mkae naye, mara ya kwanza asisikie kwa jirani. Halafu tengenezeni video ya pili, fupi, ya nyuma ya kamera: mzee huyo huyo, leso hiyo hiyo, anapakwa rangi usoni, anacheka, anamkosoa mwongozaji. Itumeni kwenye makundi yale yale, na muwaombe wale wenye makundi makubwa, wauza samaki, makanga wa matatu, walimu wa madrasa, waisambaze. Kwetu ndiyo iliyopunguza moto, kidogo, na tulikuwa nayo kwa bahati tu: mmoja wetu alikuwa akichezea simu wakati wa kupaka rangi. Kwa hiyo mtu mmoja wenu apewe kazi hiyo rasmi tangu siku ya kwanza, ya kurekodi kila mwigizaji akiwa yeye mwenyewe, akila, akikosea maneno, akitaja jina la filamu kwa kinywa chake.